Nyama ya kasa: kwa nini jana ililiwa kwa salama na leo ikaua

Jumanne ya tarehe 5 Machi 2024, watu wa Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba, walikula nyama ya kasa. Kabla wiki haijesha, watoto wanane walikuwa wameshafariki, na usiku wa Ijumaa akafuata mtu mzima mmoja, mama wa mmoja wa watoto hao. Watu wengine 78 walilazwa hospitali. Daktari wa Wilaya ya Mkoani alieleza kuwa vipimo vya maabara vilithibitisha jambo moja: wote waliofikwa walikuwa wamekula nyama hiyo. Serikali ilituma timu ya maafa, ikawasihi watu waache kula kasa.

Haikuwa mara ya kwanza. Novemba 2021, Pemba hiyo hiyo, watu saba walifariki kwa sababu hiyo hiyo, na mmoja wao alikuwa mtoto wa miaka mitatu.

Ukitokea msiba wa namna hii, barazani huzuka maswali yale yale. Kasa ameliwa tangu zama za wazee wetu, mbona wao hawakufa? Huyu alipandishwa chomboni mzima, anapapatika. Nyama ilipikwa siku ile ile, ikachemka, ikaiva. Waliokula kasa wa mwezi uliopita hawakuumwa hata tumbo. Basi ni nini hiki, kama si mkono wa mtu? Maswali haya ni ya haki. Na jibu la mkato la "kasa ana sumu, msimle" haliyajibu, kwa sababu mtu aliyekula kasa miaka nenda miaka rudi anajua kwa ulimi wake kwamba kasa wengi aliowala hawakumdhuru. Akiona kauli ya daktari haikubaliani na aliyoyaona kwa macho yake, ataiacha kauli afuate macho. Ndiyo maana nataka tulitazame jambo hili kwa utulivu, tangu lilipoanzia.

Sumu za baharini si za aina moja

Kitoweo cha baharini kinaweza kumdhuru mtu kwa njia tatu zisizofanana, nasi kwa kawaida tunazichanganya zote tukaziita sumu.

Ya kwanza ni ya kuharibika. Jodari au kibua akiachwa juani bila barafu, bakteria huigeuza nyama yake na kutengeneza histamini. Mlaji huwaka uso, huwashwa mwili, kichwa humgonga na moyo humwenda mbio, mara nyingi kabla hata saa moja haijapita. Histamini haiondoki kwa moto, lakini kosa lake linajulikana: samaki hakuhifadhiwa. Dawa ya tatizo hilo ni barafu.

Ya pili ni ya bunju. Hakuna mtoto aliyekulia ufukweni ambaye hakuonywa juu yake. Sumu yake hukaa zaidi kwenye ini, mayai na ngozi, na kwa mlaji huanza na midomo kufa ganzi, kisha viungo kulegea, mpaka misuli ya kifua ishindwe kuvuta pumzi. Inafaa kujua kwamba hata bunju sumu hiyo hazaliwi nayo: asili yake ni bakteria, naye huipata kupitia chakula. Wajapani wanaofuga bunju kwa chakula kisicho na sumu wamewapata bunju wasiokuwa nayo. Lakini wa baharini kwetu tunawachukulia wote sawa, tunawatambua kwa sura, tunawarudisha majini. Mambo yamekwisha.

Ya tatu ndiyo ya kasa, na hapa ndipo akili za watu hukwama, kwa sababu haifuati kanuni ya jodari wala ya bunju. Nyama inaweza kuwa mbichi kabisa, imetoka baharini asubuhi. Mnyama mwenyewe ni wa aina ile ile iliyoliwa mwaka jana. Kasa hana tezi ya sumu, hana mwiba, hana kiungo kimoja unachoweza kukitoa ukasema hatari imetoka. Wanaweza kuvuliwa kasa wawili siku moja, bahari moja, mmoja akawa salama na wa pili akaua. Kinachowatofautisha ni walichokula kabla hawajafika kwetu.

Chakula cha kasa

Katika bahari ya Tanzania wapo kasa wa aina tano, lakini wawili ndio wanaoonekana sana visiwani kwetu na ndio wanaotaga kwenye fukwe kama za Misali: kasa mwenyewe, yule mkubwa ambaye nyama yake ndiyo inayotafutwa, na ng'amba, mwenye mdomo kama wa kasuku na magamba mazuri ambayo yaliwaleta wafanyabiashara pwani hii tangu karibu miaka 2000 iliyopita. Hawali chakula kimoja. Kasa akishakua hula zaidi majani ya bahari na mwani. Ng'amba hupita kwenye miamba akila sponji, na sponji nyingi, kwa kuwa hazina miguu ya kukimbia, hujilinda kwa kemikali kali ndani ya miili yao.

Sasa tazama hayo majani ya bahari. Juu yake huota vitu vingine vidogo, na kimojawapo ni kiumbe cha nyuzi nyuzi, kama nywele zilizolowa, ambacho wataalamu hukiita Lyngbya. Ni jamaa ya bakteria, ila hutumia mwanga wa jua kama mmea. Kipo sehemu nyingi za bahari ya joto, pwani yetu ikiwemo. Baadhi yake hutoa sumu inayowasha na kubabua ngozi ya mtu anayeingia majini. Kasa anapokula majani hayo huvimeza pamoja, siku baada ya siku, na haba na haba hujaza kibaba: sumu hujikusanya katika nyama, mafuta na ini, huku yeye mwenyewe anaogelea, anapumua, anataga kama kawaida.

Ushahidi wa njia hii upo. Nyama ya kasa aliyedhuru watu Madagascar katika miaka ya 1990 ilipopimwa, ilikutwa na lingbiatoksini, kemikali inayotolewa na kiumbe huyo wa nyuzi. Hata hivyo haitakuwa haki kusema kwamba kila kifo cha kasa duniani kimeletwa na kemikali hiyo moja. Wataalamu hutumia jina la kelonitoksini kwa sumu ya kasa, lakini jina hilo ni kama mfuko: ndani yake huenda kuna kemikali zaidi ya moja, na ng'amba aliyeshiba sponji hana lazima ya kuwa na sumu ile ile ya kasa aliyeshiba majani.

Liko jambo jingine linalovunja hoja ya "sisi tunawajua kasa wetu". Kasa si wa kwetu kwa maana hiyo. Anakokula na anakotaga ni mahali pawili tofauti, na baina yake anaweza kusafiri mamia ya kilomita. Kasa waliowekewa alama walipotaga Mohéli, visiwani Komoro, wamefuatiliwa mpaka kwenye malisho ya pwani ya Tanzania, Msumbiji na Madagascar. Mvuvi wa Panza anayemkuta mmoja kwenye jarife lake hana njia ya kujua kama miezi sita iliyopita alikuwa akila kwenye majani safi au kwenye majani yaliyofunikwa na nyuzi za sumu, upande wa pili wa bahari. Ujuzi wa mvuvi wetu ni mkubwa. Anazijua kusi na kaskazi, bamvua na maji mafu, na wazee wake walijua hata kumfunga chazo, samaki mwenye kugandia wenzake, kamba mkiani ili akamgande kasa wamvute. Lakini historia ya tumbo la mnyama haisomeki juu ya gamba lake.

Chungu hakisaidii, paka hasaidii

Ukishaelewa kwamba sumu hii ni kemikali iliyomo ndani ya nyama, wala si wadudu waliouingia mzoga, mambo mengi yanakuwa wazi. Moto unaua wadudu. Kemikali hii haivunjwi na moto wa jikoni. Ndimu haiondoi, chumvi haiondoi, kukausha hakuiondoi. Mchuzi unaweza kuwa na sumu kama minofu. Hakuna harufu, hakuna ladha wala rangi ya kumtahadharisha mpishi. Kwa hiyo yule mama aliyepika hakukosea chochote jikoni kwake, na nalisema hili kwa mkazo, kwa sababu kwenye misiba ya chakula kidole cha kwanza humwelekea mwanamke aliyeshika mwiko.

Yuko atakayesema: basi nitampa paka kwanza. Hili nalo halifai. Dalili za sumu ya kasa huweza kuanza baada ya saa chache, lakini pia huweza kuchelewa siku kadhaa. Paka wa mchana atakuwa mzima wakati watoto wanapakuliwa chakula cha jioni.

Na kwa nini watoto? Hesabu yake ni nyepesi na inauma. Kipande kile kile kinachogawanyika katika mwili wa mtu wa kilo 70, kwa mtoto wa kilo 12 kinakutana na mwili mdogo mara sita. Oktoba 2010, katika kisiwa cha Murilo huko Micronesia, ng'amba mmoja aliliwa na kijiji. Watu zaidi ya 90 waliugua na sita wakafariki, wanne kati yao watoto. Waliochunguza tukio lile waliona kwamba kadiri mtu alivyokula zaidi ndivyo alivyougua zaidi. Huo ndio mwenendo wa sumu. Maradhi ya kuambukizana hayangejua nani alikula vipande viwili na nani alikula vinne, na husuda haingelijua hilo pia.

Wapo hata watoto waliougua bila ya kuonja nyama. Sumu hii hupita kwenye maziwa ya mama. Katika matukio ya nchi mbalimbali wameonekana wachanga walioumwa kwa kunyonya tu, wakati mwingine mama mwenyewe akiwa na dalili hafifu.

Idadi kubwa ya waathirika kwa mpigo mmoja nayo ndiyo huwafanya watu washuku kwamba kuna kitu kilichotiwa. Lakini fikiria ukubwa wa mnyama. Kasa mzima anaweza kupita kilo 100. Nyama hiyo haiishi nyumba moja, na katika visiwa vidogo kama Panza hakuna anayepata kitoweo kama hicho akafunga mlango. Sahani hufunikwa kawa zikapelekwa kwa jirani, kwa shangazi, kwa mkwe, kwa mgonjwa. Ukarimu ule ule tunaojivunia ndio unaoifikisha sumu kwenye nyumba nyingi ndani ya jioni moja.

Mzoga wa Nungwi

Watu wa Unguja wanakumbuka tukio jingine ambalo mara nyingi hutajwa kwenye mazungumzo haya, nami nadhani hutajwa vibaya. Mwishoni mwa Aprili 2006, pomboo kiasi cha 400 walikutwa wamekufa ufukweni Nungwi. Hofu ya sumu ilitanda mara moja na watu walionywa wasile nyama yao. Wengine walipasua matumbo wakachukua maini, kwa ajili ya sifa, yaani mafuta ya ini ya kupaka vyombo vya baharini. Uchunguzi ulipofanywa, matumbo ya pomboo yalikutwa matupu, na fikra ikaelekea zaidi kwenye kundi lililopotea njia likaingia kwenye maji madogo kuliko kwenye sumu.

Ninalitaja kwa sababu linatufundisha kutenganisha mambo mawili. Pale Nungwi wanyama walikufa kwa wingi, macho yakaona, watu wakaogopa. Pale Panza mnyama hakuonesha lolote. Tumezoea kuogopa mzoga na kuamini kilicho hai, na kwa maradhi mengi mazoea hayo ni mazuri. Kwa sumu ya kasa hayana kazi.

Je, bahari inabadilika?

Vifo vya 2021 vilitokea Novemba, vya 2024 vilitokea Machi. Yote ni majira ya joto, kaskazi ikianza na kaskazi ikimalizika. Viumbe vya nyuzi hupenda maji yenye joto, utulivu na virutubisho vinavyotiririka kutoka ardhini. Bahari yetu imekuwa ikipata joto kupita kiasi mara kwa mara. Matumbawe yetu yaliungua vibaya mwaka 1998 na tena 2016. Wakulima wa mwani wa Paje, Jambiani na Pemba wanajua kwa mikono yao jinsi cottonii, aina mojawapo ya mwani huo, inavyooza maji yakichemka. Ni jambo la busara, basi, kuwa na wasiwasi kwamba malisho ya kasa nayo hayakubaki kama yalivyokuwa zama za babu.

Lakini matukio mawili si ushahidi wa mwenendo, na sipendi tuikimbilie hali ya hewa kila tunapokosa maelezo ya karibu. Sumu ya kasa imejulikana sehemu mbalimbali za Bahari ya Hindi na Pasifiki tangu zamani. Wazee walikula kasa bila ya kudhurika mara nyingi, na bila shaka wapo waliodhurika vilevile, ila kifo cha mtoto kisiwani bila ya daktari kiliandikwa homa, tumbo au kijicho. Kwamba sasa tunasikia zaidi ni pia kwa sababu ipo hospitali ya kupokea, maabara ya kupima, na simu ya kupeleka habari kabla maiti haijaoshwa.

Sheria, dini na hofu

Sheria za uvuvi za Zanzibar zinamlinda kasa. Kumvua, kumchinja, kuuza nyama yake na kuchukua mayai yake vyote vimekatazwa. Wapo pia masheikh wa madhehebu ya Shafii wanaomhesabu miongoni mwa wanyama wanaoishi nchi kavu na majini, hivyo hawaihalalishi nyama yake, ijapokuwa mazoea ya pwani yameenda kwingine. Sitalifungua hilo hapa, wenyewe wapo.

Ninalotaka kulisema kuhusu sheria ni moja. Kwa kuwa kasa ni marufuku, nyama yake hupita kimyakimya, na familia inayoanza kuumwa huogopa kusema ilikula nini. Saa za mwanzo zinapotea kwa kusema "tulikula muhogo na pweza". Mhudumu wa kituo cha afya anatibu kipindupindu au malaria wakati ugonjwa ni mwingine. Natamani kila sheha na kila mkuu wa kituo cha afya kisiwani awaambie watu wake, mapema na kwa sauti, kwamba anayefika hospitali akasema "tumekula kasa" anapokewa kama mgonjwa. Mambo ya bahari na nyavu yatazungumzwa siku nyingine.

Dalili zenyewe huanza kama maradhi yoyote ya tumbo: kichefuchefu, kutapika, tumbo kusokota. Za kutilia maanani zaidi ni kinywa na koo kuwaka moto, vidonda kwenye ulimi, na kushindwa kumeza. Baadaye huja ulegevu na usingizi usio wa kawaida, na huyo mtoto anayesinzia ndiye wa kukimbizwa kwanza, kwani wengi huishia kupoteza fahamu. Hakuna dawa ya kuiondoa sumu. Madaktari humsaidia mgonjwa kwa dripu, kwa kumlinda asikwame pumzi, na kwa kuangalia ini na figo zake mpaka mwili uishinde wenyewe. Msaada huo unaokoa watu, lakini hauwezekani nyumbani, na kutoka kisiwa kidogo mpaka Mkoani kuna bahari ya kuvuka. Ndiyo maana wote waliokula chungu kimoja wanapaswa kwenda pamoja, pamoja na wale ambao bado hawajisikii lolote, na mama anayenyonyesha aseme kuwa ananyonyesha.

Nyama iliyobaki isitupiwe mbwa wala kuzikwa haraka kwa hasira. Ifungwe, iwekwe kwenye barafu, ikabidhiwe kwa wahudumu wa afya, maana bila ya kipande hicho maabara haina cha kupima, na tutabaki tunakisia kama tulivyokisia mara zilizopita. Kichwa, gamba na matumbo navyo vihifadhiwe iwapo bado vipo: kichwa na gamba huonesha kama alikuwa kasa au ng'amba, na matumboni ndimo yalimo majani, mwani au sponji alizokula.